Paukwa isiyojibiwa

Siku ya hadithi pale maktabani ilikuwa Jumamosi, na mimi nilifika saa moja asubuhi, saa mbili kabla ya watoto. Nimekuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mkutubi wetu aliponiomba nije nirekodi watoto wakisimulia hadithi, niliitikia papo hapo. Nilibeba kinasa sauti kidogo, maikrofoni mbili na stendi zake, hedifoni jozi tatu, kebo za akiba, betri mpya na mablanketi manne.

Mablanketi huwa yanawashangaza watu. Ukuta mtupu hurudisha sauti, na maikrofoni haichagui. Sisi tukikaa chumbani, ubongo unaupuuza mwangwi bila hata kutuambia. Maikrofoni inauchukua wote, inauweka juu ya sauti ya msemaji kama vumbi. Nilipewa chumba kidogo cha mikutano huko nyuma. Nikatundika mablanketi mawili ukutani, moja nikalitandika mezani, la nne nikaziba nalo ufa chini ya mlango. Nikazima feni. Nikazima na taa ya tyubu iliyokuwa ikivuma, nikabaki na mwanga wa dirisha. Nikavaa hedifoni, nikakisikiliza chumba kikiwa kitupu, nikaridhika. Kwa chumba ambacho hakikujengwa kwa kazi ya sauti, ukimya ule ulikuwa wa hali ya juu.

Asubuhi ile waliingia watoto tisa, mmoja mmoja. Mlango ukifungwa, tunabaki wawili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Ongea tu, usiogope, hakuna mtu."

Nilisema hivyo mara tisa. Nilidhani ninawatuliza.

Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka tisa ambaye nilikuwa nimemsikia foleni, nje, akiwasimulia wenzake habari za fisi aliyeshindwa na njia mbili. Huko nje alikuwa fisi mzima mzima. Mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, pua hewani, anakoroma kwa uchu. Wenzake walikuwa wanajishika mbavu. Akaingia, akakaa kwenye kiti, akaitazama maikrofoni, akasema: "Hapo zamani palikuwa na fisi. Akaona njia mbili. Akataka kupita zote. Akapasuka. Mwisho." Daftari langu liko hapa mezani ninapoandika, na mstari wa kwanza unasema: Na. 1, sek. 38, safi.

Mistari yote tisa inaishia na neno hilo, safi. Hadithi tisa hazikufika dakika kumi.

Saa sita mkutubi akaja kusimama mlangoni. "Mzee wangu, unawafanya nini hawa watoto humo ndani? Wanaingia na hadithi, wanatoka kama waliotoka kupimwa."

Nikamwambia wana haya, watoto wakiona mitambo huwa hivyo.

"Yule wa fisi hana haya. Ninamjua tangu anatambaa." Akavitazama viti viwili na meza iliyofunikwa blanketi. "Kwani humu anamsimulia nani?"

Sikuwa na jibu. Akaenda zake kuwapanga watoto wengine, nami nikavaa hedifoni nikarudia kusikiliza rekodi zangu, safari hii si kwa sikio la fundi. Nikafika Na. 6. Msichana mdogo, labda miaka sita. Anaanza kwa nguvu: "Paukwa!" Kisha kimya. Nilikumbuka nilichokuwa nikifanya katika ule ukimya. Miaka yote ile redioni nilijifunza kutoiacha sauti yangu iingie kwenye kazi ya mtu mwingine, kwa hiyo nilimwonyesha kwa kidole aendelee. Ukimya ule una sekunde tatu. Halafu unasikia sauti yake imeshuka, anajijibu mwenyewe polepole, "Pakawa," na anaanza hadithi ambayo inaisha baada ya sentensi sita.

Hiyo nimeisikiliza mara nyingi tangu siku ile na bado inaniuma. Lugha yetu ina mianzo ya hadithi isiyo ya mtu peke yake. Ukisema Paukwa, umegonga mlango. Ukisema Hadithi hadithi, unangoja uambiwe Hadithi njoo, na mwenye furaha zaidi ataongeza uongo njoo, utamu kolea. Msimulizi anaomba ruhusa na wasikilizaji wanaitoa, ndipo safari inaanza. Mtoto wa miaka sita alilijua hilo. Mimi ndiye niliyemfungia mlango, nikauziba na blanketi chini.

Basi tukahama. Mkutubi akanipa kona ya watoto, ile yenye zulia na rafu za vitabu pande mbili. Rafu zilizojaa vitabu ni msaada mkubwa kwa fundi: vitabu vina kina tofauti, karatasi inanyonya sauti na migongo yake inaitawanya, hivyo mwangwi haurudi kwa mkupuo mmoja. Viti nikaviondoa vyote. Asubuhi vilikuwa vimelia chini ya kila mtoto, na wale ambao miguu haifiki sakafuni walikuwa wakiipiga meza kwa vidole vya miguu, du, du, du, bila kujua. Kwenye zulia hakuna cha kupiga. Nikamkalisha msimulizi mmoja, na mbele yake wasikilizaji sita au saba, tena wa kujipanga wenyewe.

Maikrofoni ya kwanza niliiweka shubiri moja kutoka mdomoni mwa mtoto, ya pili nikaielekeza kwa wasikilizaji, kila moja na njia yake kwenye kinasa sauti, ili baadaye niweze kuipunguza moja bila kuigusa nyingine. Umbali ndio ugomvi wa kazi hii. Kila umbali unapozidi mara mbili, sauti inayofika inashuka kwa desibeli 6 hivi, na mtoto akinogewa na hadithi hurudi nyuma, huinama, hugeuka kumtazama aliyecheka. Sikumkataza yeyote. Nilikaa pembeni na mkono wangu kwenye stendi, nikawa namfuata kama mtu anayefuata jua na kivuli.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu nilivyosomea ufundi. Herufi P na B hutoa pumzi ya ghafla, na pumzi hiyo ikiipiga maikrofoni uso kwa uso unasikia kishindo, bop, kama mtu kapiga gunia. Sasa fikiria Paukwa! inayotamkwa na mtoto wa miaka saba aliyejaza mapafu, na Pakawa! inayorudi kutoka vinywa saba. Dawa ni kuiweka maikrofoni kando kidogo ya mdomo, ielekee shavu, pumzi ipite mbele yake. Na kiwango cha kurekodi nilikiweka chini, kelele kubwa kabisa iishie kama desibeli hasi 12, maana sauti ndogo unaweza kuikuza baadaye, lakini iliyopasuka imepasuka.

Hapo ndipo yule wa fisi akaomba kurudia.

Dakika 4 na sekunde 20. Fisi alikuwa na jina, na mama yake, na sababu ya kuwa na njaa. Njia mbili zilipoachana, msimulizi alinyamaza akawatazama wenzake, na mmoja akapiga kelele, "Pita kushoto!" Mwingine: "Kulia!" Kijana akawasikiliza wote wawili, akamfanya fisi awasikilize wote wawili, na hivyo ndivyo alivyopasuka. Hadithi niliyoisikia tangu utoto, na sikuwahi kufikiri kwamba fisi angeweza kupotezwa na washauri.

Watoto wanne wa asubuhi walirudia siku ile. Pamoja na wengine kumi wapya, hadi jioni nilikuwa nimerekodi hadithi 14 za mchana, karibu dakika themanini.

Iliyonikaa zaidi ni ya msichana wa miaka saba. Sitaandika jina lake wala la mtoto mwingine yeyote, hata kwenye mafaili tumetumia namba tu. Yeye ni Na. 14. Hadithi yake ina dakika kumi na moja na ni ya kobe aliyepoteza ufunguo. Alianza hivi: "Kobe nyumba yake iko mgongoni, lakini ufunguo aliuweka tumboni ili usiibiwe, sasa akasahau kama aliumeza." Kobe anazunguka akiuliza wanyama kama wamewahi kumwona akimeza kitu. Twiga hakumbuki kwa sababu yuko juu sana. Panya anakumbuka lakini anataka alipwe. Dakika ya sita, kobe anafika mtoni, na msichana ananyamaza.

Nilitazama saa ya kinasa sauti. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Redioni ukimya wa sekunde nne unampandisha mtu presha. Mkono wangu ulikuwa kwenye stendi na niliuacha hapo hapo. Kisha kwenye maikrofoni ya pili unasikia mnong'ono wa kijana mmoja, amesogea mbele: "Ameingia majini?" Na msichana, kama mtu aliyekabidhiwa kitu alichokuwa anakitafuta: "Eeh. Ameingia majini. Na maji yakaingia kwake, yakamwosha ndani, ufunguo ukatoka ukielea."

Mama yake alikuwa amesimama karibu na rafu, na mwanzoni alikuwa akimsahihisha. Mtoto akisema "kobe nyumba yake," mama anamwambia, "Sema nyumba ya kobe." Wazazi wanne au watano walifanya hivyo siku ile, kwa upendo kabisa, wanataka mtoto asikike vizuri. Nilimwendea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, naomba tumwache. Tukimrekebisha sasa, atakayesikika ni wewe." Akanielewa, akakaa chini kwenye zulia na yeye, na dakika ya nane unamsikia akicheka. Kicheko hicho nimekiacha.

Karatasi za ruhusa tulizigawa mlangoni. Mzazi anasaini, inaeleza sauti itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kuja kuiondoa siku yoyote. Hiyo ni lazima na kila anayerekodi watoto aifanye, hata kama ni mkusanyiko wa majirani. Lakini saini ya mzazi haimalizi kazi. Kila mtoto nilimuuliza mwenyewe kabla ya kuanza, na nikamuuliza tena baada ya kumaliza, kwa sababu kabla ya kuanza hajui atasema nini.

Kijana mmoja wa miaka kumi, alipomaliza, alisema, "Babu, hii isitoke." Hadithi yake ilianza na sungura na ikaishia nyumbani kwao. Mama yake alikuwa nje, hakuisikia. Nilipomweleza kwamba tunaifuta akashangaa: "Mzee, si nimeshasaini?"

"Umesaini mama, na tunashukuru. Lakini mwenye hadithi amesema hapana."

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake apewe nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Siku ile kifungu hicho kilikuwa kitufe kimoja chekundu. Nilimpa kijana kinasa sauti aifute hadithi mwenyewe. Mashine inauliza mara ya pili kama una hakika. Akabonyeza tena, akanirudishia, akaenda kukaa na wasikilizaji. Ndiyo maana rekodi zetu ni 22 na si 23.

Watoto wawili walitaka kusoma kutoka vitabuni badala ya kusimulia. Nikawaambia ukweli kwamba kitabu kina mwandishi na mchapishaji, na kukisoma kwa sauti kisha kukisambaza ni kutumia mali yao bila kuwauliza. Wakasoma, wenzao wakasikiliza, mtambo ukiwa umezimwa. Wakati mwingine nitakuja nimechapa hadithi kutoka tovuti za African Storybook au StoryWeaver, ambako zimo za Kiswahili zenye leseni huria, zinazoruhusu mtu kusoma na kusambaza mradi ataje wenye kazi.

Kila msimulizi alipewa hedifoni asikilize mwanzo wa hadithi yake. Nyuso zao zilikuwa zinafanana: macho yanatoka, kisha paji linakunjamana. Na. 14 alizivua hedifoni akasema, "Huyu si mimi."

Nikamwambia afunge masikio kwa vidole na aseme jina lake. Akafanya. "Umejisikia?" Akaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo sauti inayopita kwenye mifupa ya kichwa, nikamweleza. Mtu akiongea anajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa yake, na mifupa inaongeza uzito. Sisi wengine tunaipata ya hewani peke yake. "Kwa hiyo," nikamwambia, "huyu unayemsikia ndiye sisi tunayemjua." Akazivaa tena akasikiliza hadi mwisho, dakika zote kumi na moja, huku foleni ikingoja, na sikumharakisha.

Baadaye, walipokuwa wamekaa wote, niliwapa na mimi hadithi yangu moja, ya kweli. Mwaka 1877 huko Marekani, Thomas Edison alijaribu mashine yake ya kunasa sauti, iliyochora mitetemo kwenye karatasi ya bati iliyozungushwa kwenye silinda. Angeweza kuiambia mashine ile chochote, hesabu, hotuba, sala. Aliiambia mashairi ya watoto, habari za mtoto wa kike na mwanakondoo wake. Hayo yakawa miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ambayo mashine iliwahi kuyarudisha kwa binadamu.

"Tuisikie!" wakasema.

Haiwezekani. Karatasi ile ya bati ilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu, na haikuhifadhiwa. Tunayoweza kuisikia leo ni ya mwaka 1927, Edison akiwa mzee, akiyarudia maneno yale yale miaka hamsini baadaye. Walikaa kimya wakaifikiria hiyo. Kijana wa fisi akauliza kama ya kwake nayo itachakaa.

Kwa hiyo jioni ile sikulala kabla ya kunakili. Rekodi zote ziko katika mfumo wa WAV, usiobana sauti, sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, biti 24. Kwa njia moja ni megabaiti 8.6 hivi kila dakika, na za mchana zina njia mbili, lakini zote kwa pamoja ni gigabaiti moja na nusu tu. Nakala moja iko kwenye kompyuta ya maktaba, ya pili kwenye diski kabatini, ya tatu nyumba nyingine kabisa. Za kusikiliza simuni nimezitengeneza ndogo, za MP3, na kila mzazi amepewa ya mtoto wake.

Uhariri wenyewe ulikuwa mwepesi. Nimeondoa mngurumo wa chini, ule wa nyayo na wa magari, kwa kukata kila kilicho chini ya mitetemo 100 kwa sekunde. Sauti ya mtoto huanzia juu zaidi ya hapo, kwenye 250 na kuendelea, kwa hiyo haiguswi. Nimepunguza kikohozi kimoja kilichomeza neno. Basi. Zile sekunde nne za mtoni zipo kama zilivyokuwa. Na zile tisa za asubuhi nazo zipo, pamoja na Na. 6 na sekunde zake tatu. Msichana yule alikuwa ameshaondoka na shangazi yake mchana, hakurudia. Nimemwomba mkutubi amwambie shangazi kwamba nafasi yake ipo, na safari hii kutakuwa na watu.

Kitu cha mwisho unachorekodi mahali popote ni ukimya wa mahali penyewe. Kila chumba kina wa kwake, na fundi anauhitaji ili akikata kikohozi aweze kujaza pengo bila sikio kushtuka. Sekunde thelathini zinatosha. Niliwaeleza watoto, wakaona ni mchezo mzuri sana. Wakafumba macho, wengine wakaziba midomo kwa mikono yote miwili. Nikabonyeza. Unasikia karatasi inasogea, unasikia ndege mbali dirishani. Sekunde ya 21, kutoka upande wa kushoto wa zulia, mtu ananong'ona, "Paukwa."

Na zulia zima likajibu, mimi nikiwemo.

Mkutubi aliniuliza kama tuwanyamazishe turekodi upya. Nikamwambia hapana, sekunde 20 za kwanza zinanitosha kwa kazi. Faili lenyewe nimelihifadhi zima, na kwenye daftari, mstari wa mwisho, nimeandika: Na. 24, chumba.